Kabla ya kuongeza uwezo wa kompyuta, pima pawa saplai

METHALI isemayo "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" ina historia ya biashara ndani yake. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu, nguo na shanga kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikuwa na kipimo chao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwenye msafara alihesabu mizigo ndipo akatafuta watu wa kuibeba.

Leo, katika njia hiyohiyo, wafanyabiashara wengi wanaoongeza uwezo wa kompyuta zao hufanya kinyume. Hununua mzigo kwanza, mbebaji hawamwangalii.

Mbebaji huyo ni pawa saplai, lile sanduku la chuma linalochomekwa waya wa umeme nyuma ya kompyuta ya mezani. Kazi yake ni kupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vifaa vya ndani. Ikizidiwa, kompyuta huzimika ghafla au hujiwasha upya katikati ya kazi. Ikiwa ni ya ubora hafifu, inaweza kuungua pamoja na mazabodi na hadidiski yenye hesabu zote za duka.

Hesabu ya mzigo

Chukua mfano wa mwenye duka la picha na uchapaji mjini Tabora. Ana kompyuta ya mtumba aina ya Dell OptiPlex 9020, ile ya umbo la mnara, yenye pawa saplai ya wati 290. Kwa kuchapa barua na kutunza hesabu inamtosha kabisa. Sasa anataka kuhariri video za harusi, na anafikiria kuagiza kutoka Dar es Salaam kadi ya grafiki aina ya GTX 1660 Super. Makadirio ya mzigo wake ni haya:

Prosesa (Core i7-4770): wati 84
Kadi ya grafiki: wati 125
Mazabodi na RAM: wati 50
Hadidiski mbili: wati 20
Feni na vifaa vya USB: wati 10
Jumla: wati 289

Muuzaji anaweza kumwambia kwamba 289 haijazidi 290, kwa hiyo inatosha. Haitoshi. Prosesa na kadi hupandisha matumizi ghafla kwa muda mfupi kupita viwango hivyo. Joto nalo hupunguza nguvu ya pawa saplai, na ya mtumba imekwisha kufanya kazi kwa miaka. Kanuni salama ni mzigo usizidi asilimia 70 hivi ya uwezo. Ukigawa 289 kwa 0.7 unapata 413, kwa hiyo kipimo cha dukani kinachofaa ni wati 450. Hicho ndicho hata kampuni ya NVIDIA inachopendekeza kwa kadi hiyo.

Soma lebo, usisome boksi

Namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi si dhamana. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka laini ya volti 12, na nguvu ya laini hiyo imeandikwa kwa ampea kwenye lebo ya ubavuni. Zidisha ampea hizo kwa 12 upate wati.

Pawa saplai inayojiita ya wati 500 lakini yenye ampea 18 tu kwenye volti 12 inatoa wati 216 katika laini hiyo. Prosesa na kadi ya mfano wetu peke yake ni wati 209. Nyingine ya wati 450 yenye ampea 36 inatoa wati 432. Hiyo ya pili ndiyo kubwa, ingawa boksi linasema vingine. Kama lebo ina laini mbili za volti 12, tazama jumla ya wati iliyoandikwa na mtengenezaji badala ya kujijumlishia.

Mambo mengine mawili yamewatia watu hasara. La kwanza ni plagi. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai mpya itahitaji waya wa kuunganishia. Kadi nayo inahitaji plagi yake ya umeme. La pili ni swichi ndogo nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani, yenye alama 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa 115, ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania itaungua mara moja.

UPS nayo ina kikomo

Mgao wa umeme wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwafanya wengi wanunue UPS. Wachache walipima. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 inayotoa wati 289 inavuta wati 361 ukutani. Ongeza skrini ya wati 25, unafika 386. UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 390 au pungufu. Umeme ukikatika katikati ya kazi nzito, mashine inaweza kuzimika papo hapo. Ya VA 1,000 yenye wati 600 ina nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo gharama ya kadi hiyo si bei ya kadi pekee. Ni kadi, pawa saplai, waya wa kuunganishia na pengine UPS. Kwa mtu wa Tabora, kifaa kisichofaa kina safari ya zaidi ya kilometa 800 kwa reli kurudi Dar es Salaam, na duka halisubiri.

Mwenye mtaji mdogo ajiulize kwanza ni kazi gani inamwingizia fedha. Kama ni hesabu, barua na kuchapa, diski ya SSD na RAM ya ziada zitaiharakisha mashine kwa kuongeza wati chache tu, na pawa saplai ileile itaendelea kutosha. Kama ni video, na wateja wapo, anunue pawa saplai kwanza, kisha kadi. Akikosa fedha ya vyote viwili, bora asubiri kuliko kununua kadi peke yake.