Dominika Katikati ya Bahari

Kijana mwenzangu, kila nikiwaonyesha wanakwaya wenzangu picha za safari yangu ya meli, lazima mmoja aulize: "Sasa Dominika ulisali wapi?" Swali zuri sana, tulijibu leo.

Shangazi yangu anafanya kazi Italia, ndiye aliyenilipia safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediteranea. Dominika ilitukuta kati ya Krete na Malta, siku ambayo meli haitii nanga popote. Ukichungulia nje ni maji matupu. Saa zinarudishwa nyuma saa moja, kwa hiyo watu wanalala mpaka basi. Halafu chai, bwawa la kuogelea, chakula, muziki, chakula tena (jamani, watu wanakula!). Padre hayupo.

Kanisa linasemaje? Kanuni ya 1247 inatudai tushiriki Misa Dominika na sikukuu za amri. Kanuni ya 1248 inaongeza kwamba ikishindikana kwa kukosa padre au kwa sababu nyingine nzito, tunahimizwa sana kushiriki Liturujia ya Neno, ama kusali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake au na familia. Ona, haijasema "basi, kaogelee." Mimi na shangazi tulisoma masomo ya siku, niliyokuwa nimeyapakua kwenye simu mapema maana intaneti ya melini ni ghali, tukasali rozari.

Kisha tukafungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Ni bahari ileile! Paulo alikuwa mfungwa kwenye meli yenye watu 276, tufani imewapeperusha karibu wiki mbili, hakuna anayekula. Akawasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote. Mbele ya wote, yaani askari, mabaharia na wafungwa, ambao wengi wao hawakumjua Mungu wake.

Mchana, kwenye ukumbi wa chakula wenye mamia ya watu, tukafanya ishara ya msalaba. Inaona haya kidogo, nisikufiche. Mhudumu wetu, kijana kutoka Ufilipino, akainama akanong'ona: "Hata mimi ni Mkatoliki." Alikuwa na miezi mingi hajashiriki Misa. Sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia inaruhusu hadi saa 14 za kazi kwa siku, mapumziko yasipungue saa 10, na kwake Dominika na Jumanne ni mamoja. Ile kanuni ya 1248 niliyoisoma kwa ajili yangu, yeye anaiishi miezi na miezi.

Ndiyo maana Kanisa lina Utume wa Bahari, unaoitwa pia Stella Maris, ulioanza Glasgow mwaka 1920. Mapadre na walei wake huwapandia mabaharia melini bandarini, na Dominika ya pili ya Julai tunawaombea. Parokiani kwenu mnawataja siku hiyo? Mpelekeeni Paroko nia hiyo mapema.

Kesho yake tulitia nanga Valletta. Yule kijana alikuwa zamu muda wote, hakuweza kushuka. Alimwomba shangazi amwashie mshumaa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, lile la kukumbuka kuvunjika kwa meli yake. "Tutakuwashia, mwanangu," shangazi akamjibu. Tukawasha miwili, wake na wa mama yake.