Istilahi ya "Kuoza" katika Fizikia ya Kiini: Mfano wa Jani la Tumbaku Kaliua

Makala haya yanajadili istilahi "kuoza" kama itumiwavyo kueleza namna kiini cha atomu kinavyotoa chembe na nishati. Inadaiwa hapa kwamba neno hilo humpotosha msomaji ambaye tayari analo kwa maana ya shambani. Mfano umechukuliwa Kaliua, mkoani Tabora, inapoachana reli ya Kigoma na ile ya Mpanda, na ambako tumbaku ni zao la biashara.

Kwa mkulima wa huko, jani huoza likibaki na maji ndani ya bani. Moto ukichochewa ipasavyo, kuoza hukoma. Kiini cha atomu hakijui moto wala unyevu.

Urani iliyomo udongoni na katika mbolea za fosfati huzaa, kwa hatua nyingi, gesi ya radoni. Vizalia vya radoni hunasa kwenye vinyweleo vyenye utomvu vya jani la tumbaku, na hatimaye huwa risasi-210, ambayo mizizi nayo huifyonza. Risasi hiyo ina protoni 82. Nyutroni yake moja ikigeuka protoni, elektroni hurushwa: huo ndio mnururisho wa beta, na kilichobaki ni bismuthi, yenye protoni 83. Beta ya pili huzaa poloni-210, yenye protoni 84. Poloni hurusha chembe ya alfa, yaani protoni 2 na nyutroni 2 kwa pamoja, ikawa risasi-206 iliyo tulivu. Gama si chembe ya namna hiyo, bali ni nishati itokayo kiini kinapotulia; katika poloni hutokea kwa nadra mno.

Nusu-uhai ya poloni-210 ni siku 138. Atomu 1,000 hubaki kama 500 baada ya siku hizo, na kama 250 baada ya siku 276. Ni atomu ipi itakayofuata, hakuna awezaye kusema. Tena atomu haizeeki: iliyodumu mwaka mzima ina bahati ile ile na iliyozaliwa leo. Kitu kiozacho hakiko hivyo, maana kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kuharibika.

Suala hili si la maneno matupu. Mwaka 1964 Radford na Hunt, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha kuwa moshi wa sigara una poloni-210. Alfa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi, hivyo afungaye mafungu ya tumbaku hadhuriki nayo kwa kugusa. Mapafuni hakuna kizuizi hicho. Na moto, unaosadikiwa kukomesha kuoza, ndio uvukizao poloni sigara inapowashwa.

"Mgeuko wa kiini" lingefaa zaidi. Halidokezi harufu wala uharibifu, na hunyambulika bila taabu: risasi hugeuka bismuthi, bismuthi hugeuka poloni.