Simu isibloke: namna ya kucheza vizuri Goma bila kuiumiza simu yako

Jioni mtaani Katindo, hapa Goma, vijana wanne wameketi juu ya ukuta wa mawe ya volkano, kila mmoja ameinamia simu yake. Wako kikosi kimoja katika mchezo wa Free Fire. Mchezo unafika pagumu, mmoja wao anamwona adui, anataka kufyatua, mara picha inasimama. Inaporudi, yeye ndiye aliyeanguka. “Simu yangu inabloka,” analalamika. Usiku huohuo anapakua programu tatu zinazoahidi kuongeza kasi ya simu. Kesho yake simu inabloka zaidi ya jana.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya mzazi aliyemnunulia simu. Simu ya Android ya bei nafuu inaweza kucheza vizuri kuliko tunavyodhani, ila haipendi kulazimishwa. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, analijua jambo hili: akiona mlima uko mbele, anapunguza magunia kwanza, halafu anasukuma. Kila ushauri utakaousoma hapa unafuata njia hiyo ya kupunguza mzigo.

Kwa kuwa simu nyingi jijini zimewekwa Kifaransa, majina ya menyu tutayataja kama yanavyoonekana kwenye skrini. Yanaweza kutofautiana kidogo kati ya Tecno, itel, Infinix, Samsung na Redmi.

Tambua ugonjwa kabla ya dawa

Watu husema “inabloka” kwa matatizo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni picha kukatakata. Mchezo ni picha nyingi zinazochorwa haraka, moja baada ya nyingine. Mchezo ukitaka picha 60 kwa sekunde, simu ina takribani milisekunde 16.7 za kuchora kila picha. Ukitaka picha 30, ina milisekunde 33.3. Simu isipowahi, jicho linaona mikwamo na miruko.

La pili ni joto. Mchezo unaanza vizuri, na baada ya dakika 15 au 20 unakuwa mzito huku mgongo wa simu ukiwaka. Hapo prosesa imepunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue.

La tatu ni mtandao. Picha inaenda laini, lakini wachezaji wenzako wanaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, au risasi zako hazihesabiwi. Hiyo ndiyo ping, yaani muda ambao ujumbe wa simu yako unatumia kwenda kwenye seva ya mchezo na kurudi.

Kipimo cha kuyatofautisha ni rahisi. Fungua mchezo mzito usiohitaji intaneti. Ukikatakata tangu mwanzo, tatizo ni nguvu ya simu. Ukianza vizuri na kuharibika baadaye, tatizo ni joto. Ukienda vizuri wakati wote, basi shida yako ni mtandao, na kubadilisha mipangilio ya picha hakutakusaidia.

Anzia ndani ya mchezo wenyewe

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, na ndipo wengi wanapoparuka. Fungua mipangilio ya mchezo, utafute sehemu ya picha. Teua kiwango cha chini, kile ambacho michezo kadhaa kwa Kifaransa hukiita « Fluide ». Zima vivuli, na zima kulainishwa kwa kingo za picha. Mapambo hayo yanakula nguvu na hayakusaidii kumwona adui.

Kisha angalia idadi ya picha kwa sekunde. Kijana akiona 60 anaichagua bila kufikiri. Lakini simu inayohitaji milisekunde 20 kuchora picha moja haitafika 60 kamwe. Itapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakochosha jicho na kukosesha shabaha. Simu hiyohiyo ikiwekwa 30 inatulia kabisa. Picha 30 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazoyumba. Anza na 30, cheza siku mbili, ndipo ujaribu kupanda.

Mipangilio ya simu: hatua sita

1. Nafasi ya kuhifadhi. Fungua « Paramètres », kisha « Stockage ». Hifadhi ikijaa kabisa, simu inachelewa kusoma na kuandika, na mchezo unakwama kila unapopakia ramani. Acha wazi angalau sehemu moja ya kumi, na ikiwezekana sehemu mbili. Mara nyingi mzigo mkubwa ni video za WhatsApp zinazojihifadhi zenyewe kutoka kwenye makundi. Zima upakuaji wa moja kwa moja ndani ya WhatsApp, kisha futa zile za zamani.

2. Anzisha simu upya kabla ya mechi muhimu. Jambo hili dogo linasafisha kumbukumbu kuliko programu yoyote ya “usafi”.

3. Hali ya mchezo. Samsung wanaiita Game Booster, Xiaomi, watengenezaji wa Redmi, wanaiita Game Turbo, na simu nyingi za Tecno na Infinix zina ya kwao. Inazuia arifa zisikukatishe na kuupa mchezo kipaumbele. Haiongezi nguvu ambayo simu haina, lakini inazuia nguvu iliyopo isitawanyike.

4. Hali ya kuokoa betri. « Économiseur de batterie » ikiwa imewashwa, prosesa inabanwa. Izime unapocheza, uiwashe ukimaliza.

5. Mwanga wa skrini. Punguza hadi pale unapoona vizuri. Skrini ni mlaji mkubwa wa betri na huongeza joto. Kama simu yako ina skrini ya herzi 90 au 120 na mchezo wako unaenda picha 30 au 60 tu, irudishe kwenye 60.

6. Miondoko ya menyu. Nenda « À propos du téléphone », gusa « Numéro de build » mara saba, na menyu ya « Options pour les développeurs » itafunguka. Ndani yake kuna mistari mitatu yenye neno « animation ». Kila mmoja uweke 0.5x. Menyu zitafunguka upesi, ingawa ndani ya mchezo wenyewe hutaona tofauti. Vingine vya humo viache. Wengi huwasha 4x MSAA, ile ya kulainisha kingo za picha, wakidhani ni dawa, kumbe inaongeza kazi ya kuchora picha. Wengine hubana programu za nyuma hadi sifuri, halafu wanashangaa ujumbe wa WhatsApp hauingii.

Simu nyingi za bei nafuu siku hizi zinatangaza pia “RAM ya ziada”. Hiyo ni sehemu ya hifadhi inayoazimwa kufanya kazi ya kumbukumbu, nayo ina mwendo wa polepole kuliko RAM halisi. Inaweza kusaidia programu nyingi zisifungwe, lakini usitegemee ilainishe mchezo. Kama hifadhi yako imebaki ndogo, izime.

Joto na betri

Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni ya ubaridi. Hiyo ni faida ambayo mchezaji wa Kinshasa au Mombasa hana. Kwa hiyo simu ya Goma ikiwaka moto, mara nyingi sababu tumeileta wenyewe: kava nene la mpira, jua la saa saba mchana, simu iliyolazwa juu ya godoro, na zaidi ya yote kucheza huku simu ikiwa kwenye chaji.

Ndani ya simu mna vipuri vidogo vya tantali, madini yanayopatikana katika koltani kama ile inayochimbwa Rubaya, katika milima ya Masisi. Tantali inapendwa na watengenezaji kwa sababu haiyumbishwi na joto. Betri ya lithiamu haina uvumilivu huo. Kuchaji kunaleta joto na kucheza kunaleta joto. Yakikutana, betri inazeeka kabla ya wakati wake, na prosesa inapunguza mwendo. Kwa hiyo chaji kwanza, chomoa, ndipo ucheze. Power bank nayo ni chaji ileile, haina msamaha.

Ondoa kava unapocheza muda mrefu. Pumzisha simu dakika 10 kila baada ya dakika 30. Usiiweke kwenye friji wala juu ya chupa ya maji baridi, kwa sababu unyevu hugeuka matone ndani na kuua ubao wa simu. Na ukiona mgongo wa simu umeanza kuinuka au skrini inaachia pembeni, betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Kuna sababu nyingine ya kutunza betri, na hii ni ya kwetu. Tarehe 22 Mei 2021 jioni volkano ya Nyiragongo ililipuka. Watu walitoka usiku kuelekea Sake na Gisenyi, na simu ndiyo iliyokuwa taa ya njiani na namna ya kuwatafuta watoto waliopotea. Tarehe 27 Mei likaja agizo la kuhamisha sehemu ya jiji. Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Mkazi wa Goma hatakiwi kumaliza betri yake kwenye mchezo. Jiwekee sheria: ikifika asilimia 30, mchezo umekwisha.

Mtandao wa mji wa mpakani

Free Fire na PUBG Mobile huonyesha ping pembeni mwa skrini, kwa milisekunde. Chini ya 100 unacheza kwa raha. Ping ikizidi 200, unaona mambo yaliyokwisha kutokea. Sehemu ya muda huo huwezi kuipunguza, kwa sababu ndani ya nyaya za mwanga ujumbe unasafiri takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja, na seva za michezo ziko mbali nasi. Mchezo ukikuruhusu, chagua eneo lenye ping ndogo zaidi kwako, na kama marafiki wako wako eneo jingine, kubalianeni kabla ya kuanza.

Sehemu nyingine iko mikononi mwako. Goma na Gisenyi ya Rwanda zinagusana, na ukiwa karibu na vivuko vya mpaka vya Petite Barrière au Grande Barrière simu inaweza kuvuta mtandao wa Rwanda. Hapo data inakatika, au, kama umeruhusu matumizi ya nje ya nchi, salio linayeyuka. Fungua mipangilio ya mtandao wa simu, zima « Itinérance », kisha zima uteuzi wa moja kwa moja wa opereta na uchague mwenyewe Airtel, Orange au Vodacom, kulingana na kadi yako. Kwenye aina ya mtandao teua 4G kama mtaa wako unaipata vizuri. Kama inaruka kati ya 4G na 3G kila dakika, jaribu kuibakiza kwenye 3G jioni moja na ulinganishe, maana huko kuruka ndiko kunakokata mechi.

Mabati na kuta nene huzuia mawimbi. Sogea dirishani au mlangoni. Ukitumia Wi-Fi karibu na kifaa chake, chagua ya gigaherzi 5. Ukiwa chumba cha mbali, ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi.

Mega za intaneti nazo zina siri yake. Mechi yenyewe haili sana, mara nyingi ni makumi ya mega kwa saa. Yanayomaliza forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ni masasisho. Fungua Play Store, weka masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee. Kisha washa « Économiseur de données » na uruhusu mchezo wako peke yake. Programu nyingine zitanyamaza, na njia yote itabaki ya mchezo. Wengine hukimbilia VPN au DNS ili kushusha ping, lakini VPN mara nyingi inarefusha safari ya ujumbe, na kubadilisha DNS hakupunguzi ping wakati wa mechi, kwa sababu DNS inatafuta anwani ya seva tu, kisha inakaa pembeni.

Yasiyofaa kabisa

Programu zinazoahidi “kuongeza RAM” zinafunga programu nyingine kwa nguvu, nazo zinajifungua tena, na kazi hiyo inakula betri huku matangazo yakimiminika. Programu zinazobadilisha faili za mchezo zinaweza kufanya akaunti yako ifungwe daima. Na mchezo uliopokea kutoka simu ya rafiki, ule wenye “almasi za bure” (almasi ni sarafu ya ndani ya Free Fire), ndio hatari kubwa kuliko zote. Kumbuka kwamba simu hiyohiyo ina M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mtu anayekupa almasi za bure anaweza kuwa anasoma ujumbe wako na namba yako ya siri. Pakua kutoka Play Store tu, na usimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho, hata akisema yeye ni wa kampuni.

Dakika tano kabla ya mechi

Chomoa chaji, betri ikiwa juu ya asilimia 60. Anzisha simu upya. Ondoa kava. Zima hali ya kuokoa betri, washa hali ya mchezo. Hakikisha jina la opereta pale juu ya skrini ni la kwako. Tazama ping kabla ya kuingia, na kama iko juu ya 200, subiri kidogo au mwambie mwenzako muanze baadaye.

Kisha cheza. Mechi ikiisha na betri ikiwa imekaribia 30, mwambie kikosi “kesho”, weka simu mfukoni, urudi nyumbani. Mama akipiga usiku kuuliza uko wapi, simu ile iweze kuita.