SOMO LA MICHEZO: KUOGELEA KAMA CHURA



Wengi wetu tulijifunza kuogelea peke yetu kando ya ziwa. Tunapiga maji kwa nguvu zote, na mbele ya kufika mita 20 pumzi imekwisha. Siku mtumbwi unapinduka, mtu wa namna hii atachoka mbele ya kufika ukingoni. Juu ya hiyo timu yetu ianze na mtindo wa chura, ule Wafaransa wanaita brasi. Ukiujua vizuri unapumzika ndani ya maji, na macho yanaona mbele.

Nguvu ya brasi iko wapi? Wengi watajibu: mikononi. Hapana! Iko zaidi miguuni, na katika ule muda mfupi wa kuteleza, mwili ukiwa umenyooka kama mtumbwi. Anayeharakisha kuvuta tena anajizuia mwenyewe.

Mpango wa saa moja ni huu:

1. Nchi kavu (dakika 10). Lala kifudifudi juu ya benchi. Visigino vije karibu na matako, vidole vya miguu vitazame nje. Kisha sukuma nyuma kwa kuzungusha, mpaka miguu ifungane. Magoti yasipanuke sana. Mwenzako ashike nyayo zako, akuongoze.

2. Miguu tu (dakika 15). Katika maji ya kifuani, shika ubao. Piga teke moja, halafu hesabu "moja, mbili" ukiteleza.

3. Mikono tu (dakika 10). Viganja vinafunguka nje, vinarudi ndani mbele ya kifua. Visipite mbavu. Kichwa kinatoka kupumua wakati mikono inavuta.

4. Kuunganisha (dakika 20). Vuta, pumua, piga, teleza! Simamisha miti miwili ukingoni, mita 20 kati yake, mwogelee sambamba na ukingo. Kila mmoja ahesabu mivuto yake. Aliyetumia 18 ajaribu 15. Leo anayeshinda ni yule anayepunguza hesabu, hata akifika wa mwisho.

5. Kutoka majini na kuhesabu watu (dakika 5).

Sheria za mashindano: miguu yote miwili ifanye kazi moja kwa wakati mmoja, teke la mkasi halikubaliwi. Wakati wa kugeuka na wa kumaliza, mikono miwili iguse ukuta pamoja.

Msiseme mchezo huu ni wa watu wa mbali. Cameron van der Burgh wa Afrika ya Kusini alishinda mita 100 za brasi katika Olimpiki ya London, mwaka 2012. Tatjana Schoenmaker, wa inchi ile ile, alishinda mita 200 kule Tokyo, mwaka 2021.

Neno la mwisho, na ndilo kubwa. Hakuna mtu kuingia majini peke yake. Tunaingia wawili wawili. Mkubwa mmoja anayejua kuogelea abaki ukingoni na kamba mkononi. Yeye haogelei, haongei na watu, anatazama tu. Kama mtu huyu hayuko, siku hiyo hakuna mazoezi, hata kama jua ni kali namna gani.

Maswali ya kujipima:
1. Juu ya nini tunangoja kidogo kila kiisha kupiga teke?
2. Kichwa kinatoka majini wakati gani?
3. Nani atashika kamba Jumamosi?