Kakao kwa Mlaji Apunguzaye Wanga

Mlaji wa Makanya aliyeshauriwa kupunguza wanga huanza na ugali na makande. Kikombe chake cha kakao cha jioni hakitilii shaka. Hata hivyo, neno kakao hubeba dukani vitu viwili visivyolingana.

Kimoja ni unga halisi, utokanao na mbegu za mkakao, kama zile za Kyela, zilizokaangwa, kusagwa na kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta. Gramu 100 zake huwa na wanga upatao gramu 58, hesabu ambayo humtisha msomaji wa lebo pasipo sababu. Takriban gramu 37 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa, yaani gramu 5 hivi, huacha gramu 1 tu.

Kingine ni unga wa chokoleti ya kunywa, uliokwisha kuchanganywa na sukari, pengine na maziwa ya unga au kimea. Lebo ikitaja gramu 70 za sukari katika kila gramu 100, nawe ukatia gramu 20 kikombeni, umekunywa gramu 14 za sukari, zaidi ya vijiko vitatu vya chai, kabla hujaongeza yako.

Soma orodha ya viambato: hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Unga uliopimwa katika kifuko kisicho na maandishi hauna cha kusomwa. Afadhali uuache, hata bei yake ikiwa nafuu.

Maziwa nayo yahesabiwe, kwani mililita 250 zina sukari ya asili ipatayo gramu 12. Wapo wachanganyao nusu maji. Asali na sukari guru hazipunguzi kitu. Mdalasini au iliki hutuliza uchungu vizuri zaidi. Koroga unga kwanza kwa maji moto kidogo, usifanye madonge.

Mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge vya glibenklamaidi asipunguze wanga kabla ya kuonana na kliniki yake. Dozi ile ile juu ya mlo mdogo yaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akazimia. Akitetemeka, akitokwa jasho au akichanganyikiwa, apewe sukari mara moja ikiwa aweza kumeza, kisha apelekwe kituo cha afya. Kakao isiyo na sukari haitamsaidia saa hiyo.