Elimu kwa Wakazi: Kwa Nini Tairi Huteleza Mvua Inaponyesha

Mvua inapoanza baada ya kiangazi kirefu, dereva wa matatu na mwendeshaji wa bodaboda hukutana na barabara tofauti na ile ya jana, ingawa lami ni ile ile na breki ni zile zile. Kilichobadilika ni msuguano, yaani nguvu inayozuia nyuso mbili zinazogusana zisitelezeane.

Kanuni za msuguano ni za kale. Leonardo da Vinci aliziandika katika madaftari yake zaidi ya miaka 500 iliyopita, na Mfaransa Guillaume Amontons akazitangaza mwaka wa 1699.

Kwanza, msuguano huongezeka kadiri nyuso zinavyokandamizwa. Kuburuta magunia mawili ya mahindi yaliyopandana huhitaji nguvu mara mbili ya gunia moja. Pili, na hili huwashangaza wengi, ukubwa wa eneo linalogusana hauleti tofauti kubwa. Tofali huwa gumu kusukuma vilevile, liwe limelazwa au limesimamishwa kwa ubavu, kwa kuwa uzito wake haujabadilika. (Mpira wa tairi haufuati kanuni hii kikamilifu kwa sababu hubonyea.)

Kanuni ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi barabarani. Aliyewahi kusukuma kabati anajua kwamba kazi kubwa ni kulianzisha. Likishaanza kuteleza huwa jepesi. Msuguano wa vitu vilivyotulia ni mkubwa kuliko wa vitu vinavyoteleza. Gurudumu linalozunguka vizuri haliburutwi: sehemu inayogusa lami hukanyaga na kuinuka, kama wayo wa mtu anayetembea. Breki ikikamatwa ghafla, gurudumu hujifunga, tairi huburutwa, na msuguano hupungua wakati ule ule dereva anapouhitaji. Gurudumu la mbele likijifunga, hata usukani hausaidii. Ndiyo maana waendeshaji wa bodaboda hushauriwa kutumia breki zote mbili, kwa kuzikaza polepole.

Maji huongeza tatizo. Kwenye lami kavu, nguvu ya msuguano inaweza kufikia takriban asilimia 70 ya uzito wa gari. Lami ikilowa inaweza kushuka hadi 40 hivi. Kwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, hiyo ni tofauti kati ya kusimama baada ya mita 14 na baada ya mita 25, tangu breki zishike. Dereva akichukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, ongeza mita nyingine 14. Kasi ikifika kilomita 100, umbali wa breki hauwi mara mbili bali mara nne. Mvua ya kwanza ndiyo hatari zaidi, kwani huchanganyika na vumbi na oili iliyodondoka kwa miezi. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi ina kazi ya kuyatoa maji. Tairi kipara haina pa kuyapeleka.

Wapo wanaoamini kwamba lori likijazwa hushika barabara vizuri zaidi, hivyo litasimama upesi. Si kweli. Mzigo ukiongezeka maradufu, msuguano huongezeka maradufu, lakini nguvu inayohitajika kulisimamisha nayo huongezeka kiasi hicho hicho. Faida haipo. Kinachozidi ni joto kwenye breki, na breki iliyochemka sana hupoteza mshiko. Mteremko mrefu kama ule wa Sachangwan kuelekea Salgaa, Kaunti ya Nakuru, unahitaji gia nzito ili injini isaidie kulizuia lori. Anayetoa gia ili kuokoa mafuta huziachia breki kazi yote.

Wazazi na walimu wanaweza kuwaonyesha watoto haya kwa ubao mmoja. Weka kipande cha tairi kuukuu juu ya ubao, kisha inua ncha moja taratibu mpaka kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha ncha hiyo kutoka sakafuni, kisha pima umbali wa sakafuni kutoka ncha ya chini hadi mahali palipo chini kabisa ya ncha iliyoinuliwa. Gawanya kimo kwa umbali huo. Kimo kikiwa nusu ya umbali, kigezo cha msuguano ni 0.5. Mwaga maji yenye sabuni juu ya ubao, urudie kupima.