Kutathmini Athari za Ukarabati wa Uwanja wa Michezo kwa Afya na Usafiri: Mfano wa CCM Kirumba, Mwanza

Swali la mfano
Chukulia kwamba uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza unajengwa upya. Tathmini athari za mradi huo kwa afya na usafiri wa wakazi wa eneo hilo. (Alama 20)

Ukilisoma swali hili kwa haraka utaliona neno "athari" na mkono utaanza kuorodhesha: vumbi, kelele, foleni, ajali, ajira. Orodha hiyo itakupa alama chache, kwa sababu swali halikusema *taja*. Limesema *tathmini*. Kutathmini ni kupima uzito: nani anaguswa, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na je, athari hiyo inaweza kuondolewa au la. Vumbi la wiki mbili na mlango mwembamba utakaodumu miaka 40 haviwezi kupewa sentensi moja moja zilizo sawa.

Maswali ya aina hii yana sababu ya kuulizwa siku hizi. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON 2027, na tangu hapo habari za viwanja hazikauki. Arusha ulianza kujengwa uwanja mpya kuanzia msingi. Kirumba ni jambo jingine: uwanja upo tayari, na watu wanaishi na kufanya kazi kuuzunguka.

Anza na mahali

Huwezi kutathmini usichokijua. Uwanja wa CCM Kirumba uko Manispaa ya Ilemela, karibu na barabara itokayo katikati ya jiji kwenda uwanja wa ndege. Unamilikiwa na Chama cha Mapinduzi na hutajwa kuwa unachukua watazamaji 35,000. Hapo hapo Kirumba, ufukweni, kuna soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu hupakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine na nchi jirani. Kwa sensa ya 2022, Ilemela na Nyamagana, wilaya mbili zinazounda jiji, zina wakazi zaidi ya 1,100,000. Hospitali kubwa ya kanda, Bugando, iko upande wa pili wa katikati ya jiji.

Angalia taarifa hizo kidogo zinavyokusaidia. Barabara moja inabeba wasafiri wa ndege, malori ya dagaa, daladala na wakazi. Mgonjwa anayetoka upande wa Pasiansi kwenda Bugando lazima avuke jiji. Tayari umepata hoja ambayo mtahiniwa wa kukariri hana.

Usafiri: hesabu kabla ya kulalamika

Wengi huandika "kutakuwa na foleni". Foleni ya kiasi gani? Tufanye hesabu. Mgawanyo huu ni wa kudhania, kwa ajili ya zoezi tu. Uwanja umejaa watu 35,000. Asilimia 40 wanarudi kwa miguu, asilimia 40 kwa daladala, asilimia 15 kwa bodaboda na asilimia 5 kwa magari binafsi.

Kwa miguu: watu 14,000.
Daladala: watu 14,000, kila gari watu 25, ni safari 560.
Bodaboda: watu 5,250. Sheria ikifuatwa, kila pikipiki abiria mmoja, ni safari 5,250.
Magari binafsi: watu 1,750, kila gari watu watano, ni magari 350.

Soma tena mstari wa bodaboda. Safari zake ni karibu mara sita ya daladala na magari binafsi yakijumlishwa. Hata ukibadilisha asilimia zangu, picha haibadiliki sana: wanaotembea na wanaopanda pikipiki ndio wengi barabarani, ilhali michoro mingi ya viwanja huanza na maegesho ya magari. Mwanafunzi anayeandika "mradi ujenge maegesho makubwa" amewahudumia watu 1,750 na kuwasahau 19,250.

Ukigawanya safari 560 za daladala kwa dakika 60 unapata zaidi ya magari tisa kila dakika, katika barabara ile ile ya uwanja wa ndege. Mechi iliyoanza saa 10 jioni inamalizika karibu saa 12, wakati wafanyakazi nao wanarudi nyumbani na giza linakaribia. Mtembea kwa miguu asiye na njia yake pembeni atashuka barabarani, na huko atakutana na pikipiki. Hapo athari ya usafiri imegeuka kuwa athari ya afya. Iandike hivyo katika jibu lako. Mtahini hupenda kuona mambo mawili ya swali yakiunganishwa badala ya kutenganishwa kwa vichwa vya habari.

Afya: wakati wa ujenzi

Mwanza ni jiji la mawe. Mawe hayo ni ya jamii ya matale, yenye silika, na yakichimbwa au kupasuliwa hutoa vumbi laini linaloharibu mapafu. Fundi anayelivuta kila siku kwa miezi yuko hatarini kuliko jirani anayelivuta jioni, kwa hiyo wapime tofauti. Dagaa wanaoanikwa au kuuzwa wazi karibu na eneo la ujenzi nao hupokea vumbi. Hilo ni suala la chakula na pia la kipato.

Mashimo ya msingi yakijaa maji ya mvua, mbu wa malaria hupata mazalio. Yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi, kutegemea joto. Kutokana na namba hiyo unaweza kutoa pendekezo lenye kipimo: maji yaondolewe kwenye mashimo angalau mara moja kwa wiki.

Halafu kuna maji machafu. Mteremko wa Kirumba unaelekea ziwani, na jiji linakunywa maji ya ziwa hilo hilo, yanayosafishwa Capri Point na Butimba. Vyoo vya watu 35,000 visipokuwa na mahali pa kupeleka majitaka, mvua itayapeleka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 Dar es Salaam ulifika mikoa mingi, Mwanza ikiwemo.

Afya: baada ya ujenzi

Athari chanya zipo, usizisahau. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kila siku. Uwanja mzuri unaweza kusaidia, lakini uliza: je, baada ya ukarabati, vijana wa mtaani wataruhusiwa kuingia asubuhi, au geti litafunguliwa siku ya mechi pekee? Uwanja uliopendeza na kufungwa unaweza kupunguza mazoezi ya jirani badala ya kuyaongeza.

Athari nzito kuliko zote ni mkanyagano. Machi 21, 2021 watu 45 walifariki katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wananchi walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Haikuwa mechi. Tarehe 9 Mei 2001 uwanjani Accra, Ghana, watu 126 walifariki baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi, mashabiki wakakimbilia kwenye milango iliyokuwa imefungwa.

Milango ina hesabu yake. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza hukadiria kwamba mita moja ya upana wa njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, na kwamba watu wawe wametoka ndani ya dakika 8. Mita moja kwa dakika 8 ni watu 656. Gawanya 35,000 kwa 656: unahitaji jumla ya mita 54 hivi za milango iliyo wazi. Kwenye ngazi kasi hushuka hadi watu 66 kwa dakika, hivyo upana huongezeka. Hakuna mahubiri ya utulivu kwa mashabiki yanayoweza kuziba pengo la mita 20.

Mapendekezo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Itaje kwa sentensi moja kisha uendelee. Pendekezo bora huzuia athari, linalofuata huipunguza, na la mwisho hulipa fidia. "Wananchi wapewe elimu" huandikwa karibu na kila mtahiniwa na mara nyingi halina alama, maana halisemi nani afanye nini kwenye mchoro.

Maswali ya kujipima

1. Rudia hesabu ya usafiri ukichukulia kwamba asilimia 25 ya watazamaji wanatumia bodaboda na asilimia 30 daladala. Makundi mengine yasibadilike.

2. Uwanja una milango sita, kila mmoja mita 5. Siku ya mechi miwili imefungwa kwa kufuli. Watu 35,000 watachukua dakika ngapi kutoka? (Dokezo: jibu linazidi dakika 20. Eleza maana yake kwa aliye nyuma kabisa.)

3. Simama na mwenzako kando ya barabara iliyo karibu na uwanja wowote wa mji wenu. Hesabuni kwa dakika 15 watembea kwa miguu, pikipiki, daladala na magari mengine, siku isiyo na mechi na siku yenye mechi, saa ile ile. Zidisheni kwa nne mpate idadi ya saa moja. Ni kundi lipi limeongezeka zaidi, na linapita wapi?